Mashavu ya Israa

Nizwa, 12 Julai 2003

Shikamoo Mama,

Tumefika. Nimeliandika neno hilo peke yake ulione mwanzo, maana najua hutasoma mengine kabla yake. Tumefika salama, mimi na mwanao Thabit na mjukuu wako Israa, na kile kipande cha ini langu kimefika naye, kiko tumboni mwake na kinafanya kazi. Macho yake ni meupe, Mama. Ile manjano uliyokuwa ukiisomea dua imekwenda. Hata mkojo wake umekuwa kama wa watoto wengine, na mimi ndiye mama pekee Nizwa nzima anayefurahi kufungua nepi.

Thabit alisema nikupigie simu tu. Nikamwambia, Mama kwenye simu anasikia sauti, maneno hayasikii, halafu mimi napiga kelele mpaka mtaa wenu wote wa Aija unajua habari zangu. Basi nitakuandikia, na yeye atakuletea akija Sur na lori lake la maji.

Kidonda changu kimefunga. Kinawasha, na nikicheka inabidi nikishike kwa mikono miwili. Nimechoka, sikufichi. Nimechoka tangu Februari tulipokwenda Ubelgiji, na naona bado nina uchovu wa akiba.

Sasa dawa, maana ndiyo utakayoiuliza. Wakati wa operesheni alichomwa sindano mbili, moja siku ile ile na ya pili siku chache baadaye. Kilichobaki ni dawa moja ya kuuzuia mwili usilikatae ini. Takrolimasi inaitwa. Naifungua kapsuli, nachanganya na maji, nampa alfajiri kabla hajala na jioni kabla hajala. Khalas. Kortisoni hapewi. Kule wanasema zamani kila mtoto alipewa, siku hizi wanawalea baadhi yao bila hiyo, kwa sababu inavimbisha na inamzuia mtoto kurefuka. Kila mwezi tunampeleka Muskat kupimwa damu.

Jambo moja nimelifanya na watu wamenuna. Hiyo dawa inampunguzia kinga, mafua ya mtu yanaweza kumlaza. Wanawake wa mtaani walikuja na masinia yao kutupa hongera, nikawapokea uani, Israa nikamuacha ndani amesimama nyuma ya dirisha, wakampungia mkono. Bi Azza jirani yangu akasema, "Haya, tumekuja kumwona mtoto au dirisha?"

Nikamwambia, "Dirisha, Bi Azza. Lisalimie, limefurahi."

Walicheka, lakini mlango sikuufungua.

Nakutumia picha yake.

Mwanao,
Alyaa


Sur, Aija, 25 Julai 2003

Mwanangu Alyaa,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza bila ya miwani kwa haraka, na mara ya pili kwa miwani kwa raha. Nimesujudu pale pale ukumbini, Fawziya wa jirani alifikiri nimeanguka. Mola akulipe kwa hicho ulichokikata mwilini mwako. Mie nilizaa watoto watano na sikupata kumpa hata mmoja wao kitu kama hicho.

Sasa niache niseme lililoko moyoni. Nimeitazama picha. Kulla aliyekuja hapa nimemwonesha, na kulla mmoja kaniuliza, "Bi Ghaniya, huyu ndo kapona?" Uso mdogo kama wa ndege! Shingo kama bua! Mtoto aliyepona huonekana, mwanangu. Hujaa.

Wewe ulikuwa bado msichana, hukuyaona ya Khalaf, mtoto wa kaka yangu. Mwaka wa tisini na tano alitiwa figo. Akapewa vidonge vya kortisoni, akavimba uso ukawa duara kama sinia, na figo likakaa kitako. Ilipokaribia harusi yake akaona haya, hataki apigwe picha na mashavu yale. Akaacha vidonge bila ya kumwambia mtu. Haikupita muda, tukamtoa nyumbani kwake ndani ya blanketi, watu wanne wamelishika, na mie nyuma nimebeba viatu vyake. Wakamrudishia kortisoni kwa wingi, figo likaokoka kwa tundu ya sindano. Mpaka leo anavimeza. Mgongo umepinda, nyonga inamuuma, sukari imempanda, lakini yu hai.

Na nimesikia, usiniulize kwa nani, kuwa wewe ndiye uliyewakatalia madaktari, ati hutaki mtoto wa kike aharibike sura. Mwanangu, sura si kitu. Nyinyi mliokulia Bujumbura mna ushujaa wa kusema "sitaki" mbele ya madaktari, mie nausifu. Lakini hapa umekosea pa kuutumia.

Usinikasirikie.

Mama yako,
Ghaniya binti Hud


Nizwa, 9 Agosti 2003

Shikamoo Mama,

Aliyekwambia ni Bi Azza, na yeye kamwambia dada yake aliye Sur, na dada yake kakwambia wewe. Sikasiriki. Nimempelekea sahani ya sambusa na nimemwambia kwamba nimejua.

Nilichosema mimi ni hiki. Kule Ubelgiji, kwenye ukumbi wa kusubiri, kulikuwa na msichana aliyepewa ini zamani, akiwa mchanga. Nilidhani ana miaka minne, nikampa kile kidoli cha Israa. Mama yake akanambia anakwenda skuli, ana miaka minane. Akakipokea kidoli kwa adabu, maskini, asiniaibishe. Niliporudi hapa nikamsimulia Bi Azza nikasema, "Alhamdulillahi Israa hapewi ile." Basi, hayo tu.

Sikumkatalia daktari yeyote. Mimi nimesoma mpaka darasa la tisa, Mama, siwezi kuwachagulia watu dawa ya ini. Wao ndio waliosema hivi. Nikauliza kupitia yule mama wa Kimoroko aliyekuwa akitutafsiria, "Na mwili ukilikataa ini bila kortisoni, itakuwaje?" Daktari akajibu, "Tutaiona kwenye damu mapema, na hapo tutampa. Haijafungiwa mlango. Haijahitajika tu." Angesema mpe, ningempa hata akivimba kama puto.

Khalaf aliacha dawa aliyopangiwa. Israa hajaacha kitu. Anakunywa yote aliyopangiwa, na mimi ndiye ninayempa.

Kwa hiyo nakuomba unielewe kwa neno moja, na nalisema kwa heshima yote: ndani ya nyumba hii Israa hali dawa ila inayotoka mkononi mwangu. Hata asali ya mtu, hata maji ya manemane, hata mbegu za habbat sawda. Hata iwe imesomewa.

Na wewe njoo. Njoo kabla ya Ramadhani ukae mpaka baada ya Idi. Utamwona mwenyewe anavyokimbia. Wewe hutakaa nyuma ya dirisha. Na kusema kweli, Mama, nataka mtu mwingine aamke alfajiri mara moja moja.

Mwanao,
Alyaa


Sur, Aija, 6 Disemba 2003

Mwanangu Alyaa,

Nimefika salama. Thabit aliendesha polepole kwa ajili ya goti langu, na tulipumzika Ibra tukanywa chai. Nyumba nimeikuta kimya, sikio langu bado linamtafuta Israa. Asubuhi hii nimefinyanga tonge la tende na samli, nikatazama kushoto, hakuna wa kulifungulia kinywa. Nikalila mwenyewe.

Sikushukuru vya kutosha wakati naondoka, nililia tu. Uliniachia tonge la kwanza la mwanao kulla asubuhi, nawe ukalala kidogo baada ya kumpa dawa yake. Bibi yangu Unguja alinilisha mie hivo hivo, tonge la kwanza kwa mkono wake. Sikutaraji kuwa utaniachia, wewe mwenye sharia zako.

Na umeona mwenyewe! Nilipokuja alikuwa na uso mdogo, nimemuacha mashavu yamejaa, tumbo limejaa, anaitika ukimwita. Mashallah! Siku ya Idi wanawake walikuja dirishani wakasema, "Huyu ndo Israa yule?" Hata wewe ulicheka, ukambana mashavu.

Nilikuja na wasiwasi, nimeondoka sina. Nalala usingizi.

Kanzu yake ya Idi ya kuchinja nimeshaikata, ya kijani na ukosi wa nyuzi za dhahabu. Mbavuni nimeiachia, kwa kuwa naona anaendelea kunenepa.

Mama yako,
Ghaniya


Muskat, hospitali, 17 Disemba 2003

Mama,

Barua hii anakuletea Thabit mwenyewe na atasubiri jibu mlangoni. Jana alikupigia simu mara mbili. Ukamwambia nyote hamjambo na mvua haijanyesha, ukakata. Tungeweza kumpigia Fawziya akakusomee kwa sauti, lakini ninalouliza sitaki lipigiwe kelele. Thabit hajui nimeandika nini.

Israa amelazwa. Siku nne baada ya wewe kuondoka alianza kulegea. Hataki kula, hataki kusimama, anatapika. Nikadhani tumbo. Kisha asubuhi moja namwita hafumbui macho, mikono baridi, jasho jembamba. Tulikuja mbio. Sukari ilikuwa imeanguka na presha imeanguka.

Mimi nikasema moyoni, basi, mwili umelikataa ini, Mama alisema kweli. Nikakaa sakafuni.

Lakini damu imetoka, Mama, na ini liko sawa. Dawa yake iko kiwango sawa sawa. Daktari Hud, wa jina la baba yako, anayemwangalia tangu tuliporudi, akanita pembeni. "Mama Israa, ulimpa kortisoni?"

"Sijampa."

"Kuna mtu mwingine alimpa?"

"Wallahi haijaingia nyumbani kwangu."

Akaniuliza tena, tena kwa upole, na upole wake ndio uliniuma. Akanieleza. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza kitu kama kortisoni. Mtu akipewa kutoka nje kwa muda, zile tezi zinalala. Ukimkatia ghafla, hazijaamka, na mtoto anaanguka hivi hivi alivyoanguka Israa. Wamemchoma sindano ya kortisoni hapo hapo, kwa sababu kungoja kungemuua, na ndani ya saa chache akafumbua macho akaomba maji. Lakini daktari anasema, kama kweli hakupewa, basi tezi zimeharibika kwa ugonjwa mwingine, na inabidi autafute: kwenye kichwa, kwenye figo, kesho kutwa wamlaze kwa dawa ya usingizi wampige picha. Na kama alipewa, anahitaji kujua ni kiasi gani na kwa muda gani, ili amshushe polepole bila kumwangusha tena. Hawezi kukisia kwa mtoto mwenye ini la kupandikizwa.

Nilirudi nikamshika Israa nikamtazama. Mwezi wa kumi na moja, kwenye chekapu, daktari alimgusa mashavu akauliza anakula nini siku hizi, nikajibu kwa maringo, "Bibi yake yuko." Leo nimeyatazama vizuri. Mama, haya si mashavu yangu wala ya Thabit. Haya ni mashavu ya Khalaf.

Sikuulizi kama ulimpa. Nauliza ngapi.

Alyaa


Sur, Aija, 17 Disemba 2003

Alyaa,

Kimoja. Kulla asubuhi. Cheupe, cha miligramu tano, ndani ya tonge. Nilianza siku ya pili ya kufika kwangu, mwisho wa Septemba, na cha mwisho nilimpa asubuhi niliyoondoka. Siku hata moja sikuruka. Nimefunga paketi tupu ndani ya bahasha hii, daktari alisome jina.

Nilimwambia Khalaf navitaka kwa goti langu. Vilipokaribia kwisha nikaona mtoto kashajaa, nikasema ini limeshakaa kitako, yatosha. Kuwa kuna tezi sikujua. Nilikuwa namwona Khalaf ndani ya lile blanketi, nikasema huyu simngoji afikie huko.

Thabit yuko mlangoni, kakataa kahawa, kakataa kukaa. Nimemtazama uso, sikuweza kumwambia. Mwambie wewe.

Atakufa?

Ghaniya


Muskat, hospitali, 20 Disemba 2003

Shikamoo Mama,

Hafi. Hafi, Mama. Ameamka leo amemvuta nesi miwani.

Thabit alifika jioni ile ile na bahasha yako. Nilimpa Daktari Hud ile paketi, akaisoma, akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Akasema, "Hii ni habari njema kuliko zote nilizotegemea." Nilitaka kumpiga na kumbusu. Ile picha ya kichwa ameifuta. Kumlaza kwa dawa ya usingizi hakuna. Kichwa kizima, figo zima, ini zima. Jibu lako ndilo lililomwondoa Israa kwenye meza ya picha, nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Sasa sikiliza maajabu. Anapewa kortisoni. Kwa amri ya daktari, kwa mkono wangu, dawa ile ile niliyokuwa nikisema haiingii nyumbani kwangu. Anapewa ili aagane nayo. Kila baada ya muda tunapunguza kidogo, tena kidogo, mpaka zile tezi ziamke zifanye kazi yake zenyewe. Itachukua mpaka Machi hivi. Akipata homa katikati, tunaongeza kisha tunarudi. Baada ya hapo inabaki takrolimasi peke yake, kama mwanzo.

Thabit anajua. Hakusubiri nimwambie. Alisimama Ibra kutia petroli, akaifungua bahasha yako. Anasema alikaa kwenye gari mpaka yule wa petroli akaja kumgongea kioo, "Baba, umelala?" Alipofika hapa akamshika Israa mguu. Kisha akasema, "Mama alikuwa anaogopa." Nikamwambia, "Na mimi naogopa kila siku, simpi mtoto wa mtu vidonge." Nilikuwa na hasira, Mama, sitakuandikia uongo. Siku mbili nilikuwa nakuandikia barua kichwani ambazo nashukuru kichwani hakuna posta.

Lakini leo amemvuta nesi miwani na hasira imenichosha kuliko kidonda.

Kwa hiyo ni hivi. Tonge la kwanza bado ni lako. Sikuondolei, maana Israa analiuliza: kila asubuhi anafungua kinywa na kutazama mlangoni. Utakuja na utamlisha. Ila utalifinyanga mbele yangu, mezani, na mimi nitakuwa nimekaa. Ukiwa na hofu, niletee mimi hofu hiyo, hata saa nane za usiku, hata kwa maneno makali. Usimpe mtoto.

Na Khalaf umwambie kweli. Asiwe amesaidia jambo asilolijua.

Mwanao,
Alyaa


Sur, Aija, 11 Januari 2004

Mwanangu Alyaa,

Barua yako niliifungua nikasoma neno la mwanzo nikaifunga tena. Nimekaa na neno hilo mpaka adhuhuri ndo nikasoma yaliyobaki. Nimekubali yote. Mezani, mbele yako, na mikono ya kanzu yangu nitaikunja mpaka kwenye viwiko kama mpishi wa harusi.

Khalaf nilimwita. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwa shida kama kawaida. Nikamwambia, "Vile vidonge havikuwa vya goti." Nikamweleza mpaka mwisho. Akacheka, kicheko kibaya.

"Shangazi," akasema, "unaniona navipenda?"

"Vimekuweka hai."

"Vimeniweka. Kwa kuwa wakati wangu hakukuwa na njia nyengine. Nina miaka thalathini na sita na siwezi kumnyanyua mwanangu. Huyo kapata njia nyengine, wewe unamshika mkono unamrudisha kwenye yangu?"

Mie niliyafikiria yote, mwanangu, hilo sikulifikiria. Nilikuwa namwona Khalaf kama mtu aliyeokoka. Sikupata kumuuliza kaokoka vipi.

Kisha akaniomba chai, na kabla hajaondoka akasema, "Goti lako lakini zima?" Nikamwambia zima. "Basi nyanyuka unipe fimbo." Tukacheka sote.

Kanzu ya kijani nimeimaliza, nampa Thabit. Mkitaka mvisheni.

Mama yako,
Ghaniya


Nizwa, 18 Juni 2004

Shikamoo Mama,

Jana tulikuwa Muskat. Nilikuwa nangoja niwe na kitu kizima cha kukwambia, sio nusu nusu, ndiyo maana uliona kimya.

Kortisoni iliisha Machi, kama daktari alivyosema. Mwezi wa Aprili wakampima kama tezi zimeamka, zimeamka. Mei alipata homa, nikaacha kupumua, ikapita yenyewe. Na jana damu ya ini imetoka nzuri, nzuri kabisa, presha nzuri, sukari nzuri. Mwaka mzima na zaidi tangu operesheni, ini langu halijamgombeza hata mara moja. Anakunywa dawa yake moja, tena kipimo wamekipunguza. Daktari Hud akafunga faili akanambia, "Mama Israa, sasa njoo kila baada ya miezi miwili. Na lala." Ameniandikia kulala, Mama, kama dawa. Thabit amesema amri ya daktari haivunjwi, leo ameamka yeye alfajiri, nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Niliamka nikadhani nimechelewa kitu kikubwa. Hakukuwa na kitu.

Mashavu yameondoka. Nilikuwa nayatazama yakipungua kila wiki na, utanicheka, kuna siku niliyaonea huruma. Uso wake umerudi mdogo. Bi Azza amemwona na kuanza, "Maskini, mbona mtoto kako..." kisha akaniangalia, akamalizia, "...kakimbia sana leo." Anajifunza.

Kwenye mlango wa jiko tunampimia urefu kwa penseli. Miezi ile ya mashavu, alama mbili zimekaa moja juu ya nyingine, huwezi kupitisha ukucha katikati. Tangu Machi zimeachana. Juzi nikamvisha ile kanzu ya kijani uliyomshonea. Siku ya Idi ilimkaa kama imeshonwa na mungu wa washonaji, astaghfirullah, nimeandika nini. Ilimkaa vizuri sana. Sasa mbavuni inaelea, naweza kuingia naye ndani, na chini inaishia juu ya vifundo vya miguu.

Nakutumia kanzu na picha. Usiwafiche watu picha.

Mitende imeiva, rutabu za kwanza zimetoka. Njoo.

Mwanao,
Alyaa


Sur, Aija, 2 Julai 2004

Mwanangu Alyaa,

Kwanza kanisomee istighfari mara tatu kwa lile neno la mshonaji. Mie nimeshakusomea, na nimecheka.

Picha sikuificha. Jana walikuja wanawake wa huku Aija kunywa kahawa, nikaipitisha mkono kwa mkono juu ya sahani ya halwa. Wakaanza, kama mwaka jana. Mmoja akasema, "Bi Ghaniya, pole, naona amekonda tena."

Nikamwambia, "Kakonda, alhamdulillahi."

Wakatazamana. Mwengine akadhani sikumsikia, akanijia sikioni akapiga kelele, "Tunasema amekonda!"

"Nimesikia! Kakonda, na Mungu amzidishie!"

Fawziya ilibidi atoke nje. Wanadhani akili yangu imeanza kusafiri. Waache. Nimeitazama shingo ile ile ya bua na uso ule ule wa ndege, na sijui nilikuwa naogopa nini kwenye uso huu. Ndio uso wake. Nikiangalia vizuri, ni uso wako siku Thabit alipokuleta hapa mara ya kwanza, umevaa viatu vya kuazima na hutaki kula mbele yangu.

Khalaf alikuwepo, kachukua picha, kaikaribisha machoni. Akasema, "Miguu mirefu." Akaiomba. Nimempa, nitakuomba nyengine.

Nakuja Alkhamisi ijayo na Thabit. Mkononi sina kitu ila kanzu. Tende ni zako, samli ni yako, meza ni yako, wewe kaa unitazame nikifinyanga, au ukitaka nenda kalale, utakavyo. Nasikia umeandikiwa.

Kanzu nimeifumua yote. Mbavuni nimeibana nikatoa kitambaa, na kile kitambaa nilichokitoa nimekiongeza chini, rangi haikupishana. Na ndani ya pindo nimekunja vidole vinne zaidi, nimeshona kwa nyuzi nyepesi. Usiniletee tena Sur kulla akirefuka. Vuta uzi tu, itashuka.

Mama yako,
Ghaniya binti Hud